Kobe, matembele na kiazi: namna ya kumlisha mizizi ya wanga

Kwenye kiazi kitamu, chakula cha kobe ni jani, na kiazi chenyewe ni kionjo tu. Kwenye muhogo mambo hugeuka: muhogo uliomenywa na kuchemshwa sawasawa, ukitolewa kidogo, hauleti balaa, lakini jani lake bichi ni sumu. Nyua nyingi za Dar es Salaam hufanya kinyume kwa yote mawili. Matembele yote huishia sufuriani na kobe hutupiwa kiazi kizima. Huku nyuma ya nyumba, Goba au Kigamboni, kobe huyohuyo huachwa azurure chini ya mihogo akila kila jani linalomfikia mdomoni.

Swali la mizizi huja zaidi mwezi wa Ramadhani. Futari imebaki, sinia lina muhogo wa nazi, magimbi na viazi vitamu, na kobe uani ananyoosha shingo. Akipewa, anakula kwa pupa, na mwenye nyumba anaridhika kwamba amemfurahisha. Kula kwake si ushahidi wa chochote. Kobe hukimbilia kilicho laini, kitamu na chenye rangi ya manjano au nyekundu kabla ya kugusa nyasi, kwa sababu porini vitu vya namna hiyo havipatikani kila siku. Uani kwako vinaweza kupatikana kila siku, na hapo ndipo madhara huanzia.

Futari yenyewe isitolewe kabisa, hata kijiko kimoja. Ina chumvi, tui la nazi, kitunguu na mara nyingi pilipili. Muhogo wa kukaanga wa Coco Beach na chipsi za mtaani visitolewe pia, maana mafuta yale utumbo wa kobe hauna kazi nayo. Tukizungumzia mizizi hapa, tunazungumzia mizizi uliyoipika kando, kwa maji matupu.

Jua kwanza unafuga nani

Neno "kobe" linabeba wanyama wenye matumbo tofauti sana. Yule mkubwa mwenye madoa kama ya chui ni mla nyasi na mimea ya utomvu. Kobe bapa wa kwenye miamba, anayepatikana Tanzania na Kenya, ni mla majani makavu na nyasi naye. Hawa wawili hawahitaji mzizi wowote wa wanga maishani mwao. Kobe mwenye bawaba mgongoni, yule anayeweza kufunga sehemu ya nyuma ya gamba lake, hula mchanganyiko: uyoga, konokono, jongoo, matunda yaliyodondoka na majani. Huyu ndiye anayevumilia kiazi kidogo kuliko wenzake wa nchi kavu.

Wa majini nao wako mbalimbali. Kobe wa maji wa kwetu mwenye kichwa bapa, anayeonekana kwenye madimbwi baada ya mvua, ni mla nyama: samaki, vyura, wadudu. Mizizi kwake haina maana. Yule wa asili ya Marekani mwenye alama nyekundu nyuma ya jicho huanza maisha akiwa mla nyama na huongeza mimea kadiri anavyokua, kwa hiyo akishakuwa mkubwa anaweza kuonja. Kasa wa baharini si mnyama wa kufugwa nyumbani kabisa, na kumshika ni kosa la jinai.

Jambo la sheria nalo lisipitwe. Kobe wa porini ni wanyamapori, na kuwa nao bila kibali kunagongana na Sheria ya Kuhifadhi Wanyamapori Na. 5 ya mwaka 2009. Kobe bapa ndiye mwenye hali mbaya zaidi: tangu mwaka 2019 yumo kwenye kundi la juu kabisa la CITES, mkataba wa kimataifa wa biashara ya wanyama na mimea ya porini, ambalo biashara yake ya kimataifa imefungwa. Usimwokote, na usimnunue barabarani ukidhani unamsaidia, kwa sababu fedha yako ndiyo itakayomtuma muuzaji akamlete mwingine.

Utumbo wa kobe na wanga

Kobe mla nyasi anategemea utumbo wake mpana kuliko tumbo. Humo nyasi na majani huchachushwa taratibu na bakteria, nao hutoa asidi nyepesi za mafuta ambazo kobe huzifyonza na kuishi kwazo. Kazi hii ni ya siku kadhaa, wakati mwingine zaidi ya wiki. Bakteria hao wamezoea nyuzinyuzi, ambazo huvunjika polepole.

Wanga ukifika mwingi, unavunjika haraka mno. Bakteria wengine, wa sukari na wanga, huongezeka kwa saa chache na kumwaga asidi ya laktiki. Utumbo unakuwa mchachu, bakteria wa nyuzinyuzi wanapungua, gesi inajaa na choo kinakuwa cha maji. Vijidudu vyenye mikia, ambavyo kobe wengi huwa navyo kwa idadi ndogo bila kuumwa, hupata nafasi ya kuzaliana kupita kiasi.

Ng'ombe akijaa gesi, ubavu wake unavimba. Kobe hana pa kuvimba. Mbavu zake zimeungana na gamba, na mapafu yake yako juu, chini tu ya gamba la mgongo. Gesi ikijaa, inasukuma kuelekea mapafuni. Ndiyo maana kobe aliyelishwa wanga mwingi anaweza kuanza kunyoosha shingo na kufungua mdomo kama mwenye mafua, na mwenye kobe akahangaika kutafuta dawa ya kifua wakati ugonjwa uko utumboni.

Joto nalo lina sehemu yake. Kobe hana joto lake mwenyewe, na utumbo wake unafanya kazi kwa kasi ya joto analolipata nje. Dar es Salaam ina joto la kutosha karibu mwaka mzima, lakini siku za masika zisizo na jua, na asubuhi za Juni hadi Agosti, ni tofauti. Kobe anayekaa ndani kwenye marumaru na kiyoyozi ana baridi mwaka mzima. Mzizi wa wanga, kama unautoa, utoe asubuhi ya siku yenye jua, ili kobe apate saa nyingi za kuota kwenye sehemu yenye nyuzi 30 hadi 35. Ukimpa saa kumi na mbili jioni, analala nao tumboni.

Kalsiamu hurekebishika, wanga haurekebishiki

Wafugaji wengi wanajua kwamba kobe anahitaji kalsiamu nyingi kuliko fosforasi, angalau mara mbili. Mizizi karibu yote iko kinyume. Katika gramu 100 za kiazi kitamu kibichi kuna takriban miligramu 30 za kalsiamu na 47 za fosforasi. Kiazi mviringo kina 12 kwa 57, muhogo 16 kwa 27, gimbi 43 kwa 84. Karoti inakaribia kusawazika, 33 kwa 35.

Kosa hili lina dawa rahisi kuliko watu wanavyodhani. Piga hesabu ya gramu 10 za kiazi kitamu: miligramu 3 za kalsiamu na karibu 5 za fosforasi. Ili kalsiamu iwe mara mbili, inahitajika miligramu 10, yaani pungufu ni 7. Kalsiamu kaboneti ni kalsiamu kwa asilimia 40 hivi, kwa hiyo miligramu 18 za unga wake zinatosha. Hiyo ni chembe. Unga unaokamatika kati ya kidole gumba na cha shahada unazidi hapo mara nyingi.

Unga wenyewe unaweza kuutengeneza. Maganda ya mayai yachemshe dakika kumi, ondoa utando wa ndani, yaanike yakauke kabisa, kisha yasage mpaka yawe laini kama unga wa ngano. Mfupa mweupe wa dome, yule jamaa ya ngisi, unaookotwa ufukweni ni bora pia. Uloweke siku mbili kwenye maji yasiyo na chumvi ukibadilisha maji mara kadhaa, uanike, halafu uukwangue kwa kisu au umwachie kobe autafune mwenyewe. Kwenye maduka ya vyakula vya mifugo, omba chokaa ya kuku, ile ya mawe yaliyosagwa. Usichukue DCP (dikalsiamu fosfeti) wala unga wa mifupa kwa kazi hii, kwa kuwa vyote vinaleta fosforasi pamoja na kalsiamu, na fosforasi ndiyo tunayotaka kuizidi. Na chokaa ya kupaka ukutani isikaribie chakula hata kidogo. Ni kitu kingine kabisa, inaunguza mdomo na umio.

Madini basi yanasawazishika kwa sekunde mbili. Wanga hauna unga wa kunyunyizia ukaondoka. Kinga yake ni moja tu, kipimo, na ndiyo sababu sikubaliani na ushauri unaosambaa kwamba "weka kalsiamu, halafu mpe anachopenda".

Kiazi kitamu

Kama kuna mzizi wa wanga unaostahili nafasi kwenye sahani ya kobe, ni huu, na zaidi viazi lishe, vile vyenye nyama ya rangi ya chungwa. Rangi ile ni beta-karotini, ambayo mwili huigeuza kuwa vitamini A. Viazi vyeupe vina kidogo sana.

Chagua kiazi kizima, kigumu, kisicho na matundu. Tundu dogo lenye unga mweusi ndani ni kazi ya fukusi wa viazi. Kiazi kilichoshambuliwa na fukusi au ukungu hujitetea kwa kutengeneza kemikali chungu, na baadhi ya kemikali zinazotokea kwenye kiazi chenye ukungu zimeua ng'ombe kwa kuharibu mapafu. Kuchemsha hakuziondoi, na kukata doa peke yake hakutoshi kwa sababu zinaenea hadi kwenye nyama inayoonekana safi pembeni. Kiazi cha namna hiyo kitupwe chote, na kisiende kwa mbuzi wa jirani pia.

Menya, kata vipande vya ukubwa wa punje ya karanga, chemsha dakika 15 hadi 20 bila chumvi mpaka kisu kipite bila kusukumwa. Wapo wanaokwangua kiazi kibichi na kukichanganya na majani. Ninapendelea kilichopikwa, kwa sababu mbili. Kiazi kibichi kina vizuizi vya kimeng'enya kinachovunja protini, na joto huvipunguza. Pili, wanga mbichi ni mgumu kumeng'enywa kwenye utumbo mwembamba, kwa hiyo sehemu kubwa hushuka hadi utumbo mpana, ambako ndiko hatuutaki. Mpe kikiwa cha vuguvugu, siku hiyohiyo. Wanga uliopikwa ukakaa kwenye friji hurudi kuwa mgumu kiasi.

Kipimo: kobe mwenye bawaba, mzima, mwenye kilo 1, hula kiasi cha gramu 20 hadi 40 za majani kwa siku, tuseme gramu 200 kwa wiki. Mzizi usizidi asilimia 5 ya hapo, yaani gramu 10. Kiberiti kizima kwa ujazo ni kama gramu 20 za kiazi, kwa hiyo kipimo chako ni nusu kiberiti, mara moja katika siku kumi au wiki mbili. Kobe wa gramu 300 anapata theluthi ya hapo. Kobe mwenye madoa na kobe bapa wasipewe. Kobe aliye chini ya mwaka mmoja, wa aina yoyote, asipewe, maana gamba na mifupa yake vinajengwa sasa na kila tonge la wanga linachukua nafasi ya tonge lenye kalsiamu na nyuzinyuzi.

Usimwekee kiazi peke yake kwenye sahani. Kiponde kidogo, kisugue kwenye majani yaliyokatwa, nyunyiza unga wa kalsiamu juu, koroga kwa mkono. Kikiwa vipande vinavyoonekana, kobe atavichagua vyote na kuacha majani, na kesho atagoma kula mpaka vije tena. Mgomo huo unaweza kuchukua siku tatu au nne. Kobe mzima mwenye afya hadhuriki kwa siku hizo, ili mradi ana maji, kwa hiyo usikubali kushindwa naye. Weka ukoka na majani kila asubuhi, ondoa jioni.

Sasa jani. Matembele yanauzwa kwenye kila genge la mji huu kwa mafungu, na kobe huyapenda. Nayo si kamili: kalsiamu na fosforasi yake zinakaribiana, na yana kiasi cha oksaleti, kemikali inayoishika kalsiamu isifyonzwe, kwa hiyo yawe kama robo ya majani yote. Robo tatu zilizobaki zijaze kwa ukoka, mchunga, majani na maua ya haibiskasi, majani ya mforosadi na vipande vya dungusi kakati vilivyokwanguliwa miiba. Majani ya mforosadi na dungusi yana kalsiamu nyingi, ndiyo yanayoinua hesabu nzima. Mchicha upe nafasi ndogo, una oksaleti nyingi. Mnavu usimpe.

Uliza matembele yametoka wapi. Tafiti zimekuta metali nzito kwenye mboga zinazomwagiliwa maji ya mto Msimbazi, na metali iliyokwisha kuingia kwenye jani haioshwi. Na usichume mtambazi wowote wa ufukweni au wa kandokando ya mtaro kwa kuwa una ua la zambarau linalofanana na la matembele. Ni ndugu, lakini ndugu wengine katika ukoo ule wana sumu, hasa kwenye mbegu.

Muhogo

Hapa nitakaa zaidi, kwa sababu ndipo kobe anapoweza kufa kwa siku moja.

Muhogo una kemikali iitwayo linamarini. Ikiwa imetulia ndani ya seli haina kishindo. Seli ikipasuka, kwa kutafunwa au kukatwa, linamarini hukutana na kimeng'enya kilichokuwa kimehifadhiwa kando yake, na matokeo ni sianidi. Sianidi huzuia seli za mwili kutumia oksijeni, hata damu ikiwa imejaa hewa. Muhogo mtamu, kwa kiwango kinachotambulika kimataifa, ni ule wenye chini ya miligramu 50 za sianidi kwa kilo ya muhogo mbichi. Unaozidi hapo ni muhogo mchungu, na mwingine huvuka miligramu 100. Ukame huongeza sumu, kwa hiyo shamba lilelile, mbegu ileile, mwaka mwingine huweza kutoa muhogo mkali zaidi. Haya si mambo ya mbali. Konzo, ugonjwa unaopooza miguu ya binadamu kwa sababu ya muhogo mchungu usioandaliwa vizuri, uliwakumba watu wa Tarime mwaka 1985 wakati wa ukame.

Sumu haikugawanyika sawasawa kwenye mmea. Ganda lina zaidi kuliko nyama, na jani bichi kwa kawaida lina zaidi kuliko nyama pia. Bibi zetu walilijua hili bila maabara: kisamvu hutwangwa kwanza, kisha huchemshwa sana. Kutwanga hupasua seli zote ili sianidi itoke, na kuchemsha huifukuza kwa mvuke. Kobe anayetafuna jani bichi anaifanya hatua ya kwanza ndani ya tumbo lake. Kisamvu cha mpira ni hivyohivyo, tena kwa kuwa ni mti mrefu watu husahau kwamba majani yake yanapukutika chini. Kama una mihogo uani, weka uzio wa matofali au mabati wenye kimo cha sentimita 40, ulioingia ardhini sentimita 20, maana kobe huchimba. Maganda kutoka kwa wauza muhogo wa kukaanga yasiletwe nyumbani kwa ajili ya kobe, hata kama mbuzi wa mtaa wa pili wanayala na bado wanadunda.

Maoni yangu ni kwamba kobe hahitaji muhogo kabisa. Nyama yake ni wanga karibu mtupu, gramu 38 kwa kila 100, karibu mara mbili ya kiazi kitamu, na haina karotini. Lakini najua kuna nyumba ambazo muhogo ndio uliopo, na ni bora uandaliwe vizuri kuliko kutolewa kwa kificho.

Nunua muhogo uliochimbwa siku hiyo au jana yake. Kata: ukiona mistari ya bluu au nyeusi kwenye nyama, umeanza kuharibika, uache. Onja kipande kidogo kwa ncha ya ulimi na uteme. Ukiwa mchungu, usiendelee. Usipokuwa mchungu, bado fanya hatua zote, kwa sababu ulimi haupimi kila kitu.

Menya maganda yote mawili, lile la kahawia na lile nene jeupe au la waridi lililo chini yake. Chora mstari kwa kisu kwa urefu, ingiza ncha, linabanduka lote pamoja. Pasua katikati na utoe utambi. Kata vipande visivyozidi sentimita 1, kwa kuwa kipande kikubwa huzuia sumu ya katikati isitoke. Loweka nusu saa kwenye maji mengi, mwaga. Weka maji mapya ya baridi, mara tano ya muhogo, ndipo uinjike kwa moto wa wastani bila kufunika. Maji ya baridi yana sababu: kimeng'enya kinahitaji muda wa kuivunja linamarini, na ukivitumbukiza vipande kwenye maji yanayochemka kinakufa kabla hakijamaliza kazi, linamarini ikabaki ndani. Mfuniko nao unairudisha sianidi chunguni, ilhali yenyewe inachemka kwa nyuzi 26 tu na ingejiondokea na mvuke. Pika kwenye hewa wazi. Baada ya dakika 25 hadi 30 za kutokota, mwaga maji yote mahali ambapo hakuna kuku wala paka atakayeyanywa, suuza, chemsha tena dakika kumi kwa maji mengine, mwaga.

Kipimo ni nusu ya kile cha kiazi kitamu: gramu 5 kwa kobe mwenye bawaba wa kilo 1, si zaidi ya mara moja kwa mwezi, na si wiki ileile uliyompa kiazi. Makopa, udaga na unga wa muhogo viachwe. Muhogo ulioanikwa tu juani hubaki na sumu nyingi kuliko uliochemshwa, na makopa yakipata unyevu wa Dar huota ukungu upesi.

Magimbi, viazi mviringo na mengine

Gimbi bichi na majani yake yamejaa sindano ndogo za oksaleti ya kalsiamu zinazochoma mdomo na koo. Kobe aliyeling'ata hutoa mate, husugua mdomo kwa mguu wa mbele na kukataa chakula. Kuchemsha sana hupunguza ukali, hakuumalizi. Usimpe. Mimea ya mapambo ya barazani yenye majani mapana kama ya gimbi ina sindano zilezile, ipandishe juu.

Kiazi mviringo nacho usimpe. Kilichoota au chenye rangi ya kijani kina solanini, sumu ambayo haivunjwi na joto la kuchemsha, na maganda ndiyo yenye nyingi zaidi. Hata kikiwa salama, kalsiamu yake ni moja kwa karibu tano za fosforasi.

Karoti haina wanga mwingi, sukari yake ndiyo ya kuangalia. Ikwangue mbichi, kijiko kimoja cha chai kwa wiki, kwa kobe yeyote mzima. Bitiruti ni kidogo zaidi, na ujue kwamba mkojo na choo vitakuwa vyekundu, usije ukadhani ni damu. Boga si mzizi, lakini mtu anayetafuta kitu laini chenye karotini atapata nafuu kubwa humo: wanga na sukari yake ni karibu theluthi moja tu ya kiazi kitamu.

Kwa kobe wa maji

Kobe mzima mwenye alama nyekundu anaweza kupata kipande cha kiazi lishe kilichochemshwa chenye ukubwa wa jicho lake, mara moja kwa wiki mbili, akiwa amekula samaki mzima na majani ya majini siku nyingine zote. Upungufu wa vitamini A humvimbisha kope za macho, na watu hukimbilia viazi na karoti kumtibu. Mizizi ni kinga ndogo, si tiba. Macho yakishavimba, mpeleke kwa daktari, na usikubali kila anayetaka kumchoma sindano ya vitamini A, maana ikizidi humbandua ngozi.

Mlishe kwenye beseni la pembeni lenye maji ya vuguvugu, dakika 20 hadi 30, halafu mrudishe. Kiazi kikiachwa kwenye tangi huyeyuka, maji yanakuwa meupe kama ya mchele, na bakteria huongezeka. Hatakosa hewa, anapumua kwa mapafu, lakini ngozi na gamba lake vinakaa kwenye maji hayo usiku kucha, na hapo huanza vidonda na gamba kuoza. Beseni lisioshewe kwenye sinki la jikoni. Kobe wengi hubeba salmonela, bakteria wa kuharisha, bila kuumwa. Marekani ilipiga marufuku uuzaji wa kobe wadogo wenye gamba lisilofika inchi 4 mwaka 1975 kwa sababu watoto walikuwa wakiambukizwa.

Ukiwa umeshamzidishia

Choo cha kobe mla majani kinatakiwa kiwe kimeshikana, cha kijani kilichokolea au kahawia, chenye nyuzi zinazoonekana ukikivunja. Kikiwa uji, kina mapovu, kinanuka uchachu au kina vipande vya kiazi vilivyo kama vilivyoingia, acha mizizi na matunda yote kwa mwezi mzima. Mpe ukoka, mbichi na mkavu, mwache aote jua lenye kivuli pembeni, na mwogeshe kila siku kwenye maji ya nyuzi 28 hadi 30 yanayofika chini ya kidevu, dakika 20. Kobe hunywa akiwa ndani ya maji, na maji ya vuguvugu humfanya ajisaidie.

Akipita siku tatu bado ana choo cha maji, chukua choo kibichi kwenye kikopo safi na ukifikishe kwa daktari wa mifugo siku hiyohiyo, umwombe aangalie chini ya hadubini tone la choo kibichi pamoja na mayai ya minyoo. Vijidudu vyenye mikia huacha kuchezacheza choo kikipoa, na visipocheza ni rahisi kupitwa. Usimpe dawa ya minyoo kwa kubahatisha. Ivermectin, inayotumiwa sana kwa mbuzi na ng'ombe, huua kobe.

Akihema kwa mdomo wazi, akilegea shingo na miguu saa chache baada ya kula jani la muhogo au ganda lake, usisubiri siku tatu. Mwondolee kilichobaki mdomoni, usimlazimishe kunywa chochote, mpeleke kwenye kliniki ya mifugo sasa hivi, na uchukue tawi la mmea wenyewe mkononi.

Kwa anayetaka kuacha kununua matembele: omba marando ya viazi lishe, kata vipande vya sentimita 30, ondoa majani ya chini, zika theluthi mbili za kila kipande kwenye mfuko wa salfeti uliojaa udongo na samadi iliyooza. Mwagilia kila jioni wiki mbili za kwanza. Baada ya wiki tano au sita utaanza kuchuma matembele, na ukichuma ncha tu kila wiki mfuko mmoja huendelea kutoa kwa miezi. Uweke nje ya uzio wa kobe. Akiufikia, ataula hadi kwenye udongo.